Namna ya Kuupima Mtambo wa Kugeuza Maji ya Bahari Kabla ya Kuulipia

Mkiletewa mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, iwe Nungwi au kisiwa kidogo kama Makoongwe, msianze na bei. Anzeni na uzito, kwa sababu hakitoki kitu ambacho hakikuingia. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Nusu ya maji ikitolewa ikiwa tamu, chumvi karibu yote hubaki katika nusu ya pili. Ulizeni maji hayo mazito yatamwagwa wapi, maana yakielekezwa penye mashamba ya mwani wakulima ndio watakaoumia.

Kisha utafuteni ukomo wa nishati. Kwa kuchukua nusu hiyo ya maji, kutenganisha lita 1,000 za maji matamu hakuwezekani kwa chini ya takriban uniti 1 ya umeme (kilowati-saa moja), hata fundi awe hodari kiasi gani. Mitambo mizuri inayosukuma maji kwa shinikizo kubwa kupitia utando hutumia uniti 3 hadi 4. Anayedai robo ya uniti asilipwe.

Kuchemsha ni jambo linalohitaji uangalifu zaidi. Ndoo ya lita 20 yenye nyuzi joto 28, ikichemshwa mpaka yote iwe mvuke, hula karibu megajuli 51 za nishati (3.6 hufanya uniti moja), yaani uniti 14. Kwa makaa yenye megajuli 30 kwa kilo, hizo ni kilo 1.7 endapo joto lote lingeingia sufuriani. Kwa jiko linalofikisha sehemu moja tu ya tano, ni zaidi ya kilo 8, na miti inayokatwa kwa ajili yake ni mingi mno. Hata hivyo, uniti 14 si ukomo wa maumbile. Sehemu kubwa ya joto hilo imo ndani ya mvuke, nao ukipoa hulitoa tena, hivyo mtambo unaolitumia kupashia maji yanayofuata hula pungufu ya hapo, ila hautashuka chini ya ule ukomo wa kwanza.

Jua nalo hupimwa kwa eneo. Mita moja ya mraba ikipata uniti 5 kwa siku, sanduku la kioo la kuvukizia maji kwa jua, lisilorejesha joto la mvuke, haliwezi kupita lita 7 hivi, na lililojengwa vizuri hutoa 3 hadi 5. Nyumba inayohitaji lita 30 za kunywa na kupikia itataka mita za mraba 6 hadi 10. Kabla ya kulipa, pimeni na paa: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji, na maji hayo jua limekwisha kuyatenga na chumvi.