Ukienda Dar kuonana na wadhamini

Wewe mwanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni, unayetoka Bagamoyo kwenda Dar kuomba udhamini wa onyesho, ondoka alfajiri. Ni kama kilomita 70 tu, lakini foleni ya Tegeta na Mwenge haina huruma. Beba barua ya chuo yenye mhuri.

Kazi kubwa huanza baada ya kikao. Jioni ileile tuma ujumbe wa shukrani ukitaja jambo moja mliloongea, kwa mfano: "Ulisema bajeti yenu hupangwa Novemba, nitarudi mapema." Hata wakikukatalia, siku ya onyesho ikikaribia wapelekee kadi ya mwaliko, kisha picha. Na katibu muhtasi, tafadhali, msalimie kwa jina. Yeye ndiye anayejua bosi yupo lini.