Ruta yako ina nywila mbili: namna ya kuifunga hatua kwa hatua

Nikiitwa kukagua mtandao wa nyumbani, swali langu la kwanza huhusu ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani: "Nywila ya ruta mlibadilisha lini?" Karibu kila mtu hunijibu kwamba aliibadilisha siku ileile ruta ilipowekwa. Kisha nafungua kivinjari, naandika "admin" kwenye jina na "admin" kwenye nywila, na mlango unafunguka. Walichokuwa wamebadilisha ni nywila ya Wi-Fi. Ile ya ruta yenyewe iko kama ilivyotoka kiwandani.

Nywila ya Wi-Fi humruhusu mtu kutumia mtandao wako. Nywila ya usimamizi, yaani ile ya ruta yenyewe, humruhusu kuupanga upya apendavyo, na hiyo ndiyo inayonitia hofu. Kompyuta huwasiliana kwa namba, si kwa majina. Ukiandika anwani ya benki yako, kifaa chako huuliza kwanza: jina hili namba yake ni ipi? Kazi hiyo ya kujibu inaitwa DNS, na kwa kawaida ruta ndiyo inayokiambia kifaa kimuulize nani. Aliyeshika usimamizi wa ruta anaweza kuweka mjibuji wake mwenyewe, akakupeleka kwenye seva yake, yaani kompyuta yenye tovuti yake ya uongo, hali wewe umeandika jina sahihi herufi kwa herufi. Kinachobaki kukulinda hapo ni onyo la kivinjari kwamba cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake, hakilingani. Ukilipuuza, umekwisha.

Wala wanaoingia hivi hawahitaji akili nyingi. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilienea kwenye kamera na ruta kwa kujaribu tu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo sitini. Mwezi Oktoba mwaka huohuo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya DNS iitwayo Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa.

Haya, tuanze kazi.

Hatua ya 1: Tafuta anwani ya ruta

Ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi yako, fungua maelezo ya mtandao huo kwenye simu au kompyuta, utafute namba iliyoandikwa "Gateway" au "Router". Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Usishangae jirani akiwa na namba hiyohiyo. Zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani. Iandike kwenye kivinjari, pale juu panapoandikwa anwani za tovuti. Kivinjari huenda kikasema ukurasa si salama. Kwa ukurasa wa ruta yako, ukiwa ndani ya mtandao wako, hilo ni la kawaida.

Hatua ya 2: Badilisha nywila ya usimamizi

Nywila ya kuanzia huwa imebandikwa chini ya ruta. Ingia, weka mpya, ndefu, ambayo huitumii popote pengine. Iandike kwenye karatasi uiweke kabatini. Najua wengi wamefundishwa kwamba karatasi ni dhambi, lakini mdukuzi aliye mbali hawezi kufungua kabati lako.

Kama nywila haijulikani, kuna kitundu kidogo nyuma cha kurudisha ruta kwenye hali ya kiwandani. Usikiguse kabla hujawauliza wanaokupa intaneti kama ruta ina mipangilio yao ya kuunganisha. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilikibonyeza bila kuuliza, mipangilio yote ikafutika, na familia nzima ikalala bila mtandao.

Hatua ya 3: Funga Wi-Fi yenyewe

Kwenye usalama wa Wi-Fi utakuta majina ya njia za kuifunga. Chagua WPA3, au WPA2 ikiwa vifaa vyako ni vya zamani. Ukikuta WEP, njia ya zamani zaidi, iondoe leo. Udhaifu wake unajulikana tangu 2001.

Nywila iwe ndefu, na sababu ni hii. Kwenye WPA2, mtu aliye karibu anaweza kunasa yale mazungumzo mafupi ya simu yako na ruta vinapotambuana, kisha akaenda zake na kukisia kwa kompyuta yake, mara nyingi mno kwa sekunde, bila ruta kujua lolote. Herufi 8, ambacho ndicho kiwango cha chini, hazitoshi. Maneno matano yasiyohusiana yanatosha, na ni rahisi kuyakumbuka. WPA3, iliyotoka 2018, imeziba njia hiyo ya kukisia pembeni.

Hatua ya 4: Zima WPS

Hii ni ile njia ya kuunganisha kifaa kwa namba ya tarakimu 8. Tarakimu 8 zingekuwa na michanganyiko milioni 100. Lakini ruta hukagua nne za mwanzo peke yake na kumjulisha mkisiaji kama amepatia, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutokana na zile saba. Kwa hiyo ni majaribio 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa ya pili: 11,000 tu. Hili lilitangazwa mwaka 2011, na bado nakuta WPS imewashwa.

Hatua ya 5: Mambo ya haraka

Zima usimamizi kutoka nje ya nyumba, "Remote Management". Sasisha programu inayoendesha ruta. Washa mtandao wa wageni, yaani Wi-Fi ya pili iliyotengwa na ile yako, na humo uweke pia televisheni na kamera.

Hatua ya 6: Hesabu vifaa

Fungua orodha ya vilivyounganishwa. Majina mengine yatakuchanganya, maana simu nyingi za sasa hujipa anwani ya bandia, yaani namba ya utambulisho isiyo yake halisi, kwenye kila mtandao. Zima kimoja kimoja, ukitazama kipi kinatoka kwenye orodha. Vingine huchukua dakika chache kutoweka. Ukiwa umezima vyote isipokuwa kile unachotumia kuitazama orodha, na bado kuna kingine kimebaki, rudi hatua ya 3, weka nywila mpya ya Wi-Fi, na kuanzia hapo kila mgeni mpe ile ya mtandao wa wageni.