SOMO: Kumfundisha mtoto mdogo nyumbani kwa kazi za kila siku na vitu anavyovipenda mwenyewe (miaka 3 hadi 7)

Habari zenu wapendwa. Kuna watu wengi wameniuliza wanaanzaje kumsomesha mtoto nyumbani, wanunue vitabu gani, meza waweke wapi, ratiba iweje, sa leo naweka hatua kwa hatua, ila nasema mapema kabisa kwamba vitabu na meza ni mambo ya mwisho. Mtoto wa umri huu anajifunza kwa mikono na kwa maswali yake mwenyewe, na sisi wazazi kazi yetu kubwa ni kujizuia kumkatiza pale anapokuwa amezama kwenye kitu. Kumfundisha herufi ni rahisi, kunyamaza ndo kazi.

HATUA YA 1: Jua sheria ya unapoishi
Usiruke hii. Ujerumani kwa mfano mtoto aliyefika umri wa shule lazima aende shule, Marekani majimbo yote 50 yanaruhusu kumsomesha nyumbani ila kila jimbo lina masharti yake, kuna wanaotaka ripoti na kuna wasiotaka hata taarifa. Ulizia kwenye ofisi ya elimu iliyo karibu nawe, uliza umri wa lazima kuanza shule ni upi na kama kuna kitu cha kujiandikisha. Kama mtoto hajafika umri huo basi endelea tu kwa amani.

HATUA YA 2: Wiki ya kwanza usifundishe kitu
Angalia tu. Chukua daftari dogo uandike anafanya nini akiwa hajaambiwa afanye nini. Anapanga vitu mstari? Anamwaga maji? Anauliza kwa nini mara mia? Anaongea peke yake akijifanya dereva? Hapo ndo utajua pa kuanzia. Na angalia kitu gani anakirudia, maana akirudia kitu kilekile kila siku hajachoka wala si mkaidi, kuna jambo hajalimaliza kichwani bado.

HATUA YA 3: Kazi za nyumbani ndo darasa
Hili si wazo jipya. Maria Montessori, yule daktari na mwalimu wa Italia, alipofungua shule yake ya watoto wadogo iliyoitwa Nyumba ya Watoto kule Roma mwaka 1907, watoto walikuwa wanafagia, wananawa mikono vizuri, wanafunga vifungo, na hayo yalihesabika kama masomo kabisa. Kwa hiyo ukimpa mtoto kitambaa afute meza usione unampotezea muda.

Tuanze na hesabu. Weka vifungo vitano vya nguo mbele yake mwambie ahesabu. Atahesabu vizuri tu, moja mbili tatu nne tano. Sasa muulize, "kwa hiyo viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya kuanzia moja ujue anajua kutaja namba kwa mpangilio lakini hajashika kwamba ile namba ya mwisho ndo jibu. Wazazi wengi hapo wanafurahi mtoto anahesabu mpaka ishirini wanakimbilia kujumlisha, kumbe hata tatu yenyewe haijakaa. Dawa yake si kumkaririsha, ni kumtuma. Niletee vibanio vinne. Weka vijiko viwili mezani. Tuko watu watano, tunahitaji vikombe vingapi? Akileta vitatu usimwambie amekosea, gawa vile vitatu kwa watu halafu ngoja, atagundua mwenyewe kuna mtu amekosa.

Na maji. Mtoto wa umri huu mpe maji na vyombo, umemaliza. Mimina kikombe kimoja kwenye bakuli pana na kikombe kimoja kwenye glasi ndefu nyembamba mbele ya macho yake, halafu muulize wapi kuna maji mengi. Wa miaka minne au mitano mara nyingi atakuonyesha glasi ndefu, na atakuwa na uhakika kabisa, wala hakudanganyi. Yule mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alifanya majaribio ya namna hii na watoto, na wengi huanza kuona kwamba maji ni yaleyale wakifika kwenye miaka saba hivi. Kwa hiyo usibishane naye! Mwache amimine arudishe, amimine arudishe, mchezo huohuo ndo unaomfikisha.

Nguo zilizokauka nazo: soksi kuzitafutia wenzake ni kuhesabu kwa mbilimbili, kupanga kwa rangi na kwa ukubwa, kukunja kitambaa katikati ni nusu, ukikunja tena ni robo. Husemi "leo tunasoma sehemu". Unakunja naye tu huku unaongea, "tushike nusu, haya sasa robo".

HATUA YA 4: Kitu kimoja anachokipenda, masomo yote yazunguke hapo
Hapa wengi wanakwama kwa sababu wanatafuta kitu "cha maana". Hakuna kisicho na maana. Tuseme mtoto kachanganyikiwa na sisimizi, anachuchumaa anawaangalia tu. Chuchumaa naye. Mhesabu miguu, sita. Akikutana na buibui mhesabu tena, minane, kumbe hawako kundi moja. Sisimizi wawili wana miguu mingapi jumla? Wakiwa wanapita kwenye mstari, chovya kidole kwenye maji ufute sehemu ndogo ya njia yao, kisha muangalie pamoja. Wakifika pale wataduwaa, wanazunguka, wanarudi, kwa sababu wanafuata harufu iliyoachwa na wenzao na wewe umeikata. Usimweleze kwanza! Muulize anadhani kwa nini, na akisema "wamepotea mama yao" mwambie haya tungoje tuone. Baadae achore, wewe andika chini ya mchoro maneno yake kama alivyoyasema, kisha myasome pamoja. Hapo umepita sayansi, hesabu, kuchora, kusoma na kuongea, na yeye anajua alikuwa anacheza na sisimizi.

Wa magari vilevile, egemeza ubao kwenye kitabu, gari liteleze, ongeza kitabu cha pili, limefika wapi, pima kwa hatua za miguu. Wa dainosaria mwambie kwamba Stegosaurus aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita na Tyrannosaurus alikuwepo mpaka miaka milioni 66 iliyopita, kwa hiyo Tyrannosaurus yuko karibu zaidi na sisi kuliko na yule mwenzake, ile picha ya kuwaweka wanapigana ni uongo mtupu. Mtoto wa miaka sita akiijua hiyo atamsahihisha kila mgeni anayeingia ndani.

Onyo moja tu: usiue utamu kwa maswali. Swali moja au mawili yanatosha. Ukimuuliza kila dakika "hii rangi gani, hii herufi gani", atakukimbia na sisimizi wake, na mi namuunga mkono.

HATUA YA 5: Kusoma
Ukishindwa vyote vingine, hiki usiache: msomee kwa sauti kila siku, hata kama ni kitabu kilekile na wewe umekichoka. Fuatisha kidole chini ya maneno. Siku nyingine kosea makusudi uone kama atakushtukia.

Kabla ya herufi mpe sikio la silabi. Pigeni makofi majina ya watu wa nyumbani, kila silabi kofi moja. Kisha badilisheni kichwa cha neno: kata, pata, bata, nata. Kisha geuzeni, paka inakuwa kapa, watacheka mpaka walie. Yote haya kwa mdomo, mkiwa mnatembea au mnaoga. Lugha yetu ni rahisi hapa kwa sababu inaandikwa inavyotamkwa, irabu ni tano tu na silabi nyingi zinaishia na irabu, kwa hiyo akishazisikia silabi mdomoni, ba be bi bo bu za kwenye karatasi hazimpi tabu. Anza na silabi za jina lake, hakuna neno analolipenda zaidi.

HATUA YA 6: Daftari lako wewe
Mistari miwili mitatu kila jioni, tarehe, alichofanya, alichosema. Weka na michoro yake. Inasaidia mtu wa ofisi ya elimu akiuliza, na inakusaidia wewe siku ukiona kama mtoto hasogei, unarudi kurasa za miezi mitatu nyuma unaona.

Haya, maswali karibuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Pacha: asante kwa somo dada angu, sasa wa kwangu mmoja ana miaka minne na nusu penseli hataki hata kuiona, akipewa anavunja ncha makusudi anasema imekufa 😂 na mtoto wa jirani umri huohuo anaandika jina lake lote, nifanyeje mi naona anabaki nyuma
JIBU: Pole dada, mtoto wa jirani muache na jirani. Mkono wake haujakaza tu. Mpe vibanio vya nguo abane na kubandua, sponji akamue maji, karatasi za zamani achane, udongo afinyange, mkasi wa ncha butu akate. Mpe brashi na maji "apake rangi" ukuta wa nje, hapo bega na mkono vinafanya kazi. Herufi aandike kwa kidole kwenye mchanga. Krayoni mpe vipande vifupi vifupi, kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, vidole vinajipanga vyenyewe. Penseli ataitafuta mwenyewe.

Baba Mwajuma: Mwalimu mimi naondoka alfajiri narudi usiku, mtoto anabaki na bibi yake. Haya mambo nayafanyaje?
JIBU: Shikamoo kwa bibi kwanza. Bibi usimpe silabasi, mwombe jambo moja tu, asimfanyie mtoto anachoweza kufanya mwenyewe: vifungo, viatu, kubeba sahani yake. Na amsimulie hadithi, bibi anazo nyingi kuliko vitabu vyako. Wewe chukua kuoga na kulala, maji na silabi na kitabu kimoja. Siku ya mapumziko mpe kazi moja ndefu mfanye wote, kurekebisha kitu, kupima kitu, chochote ambacho ungefanya hata kama yeye hayupo.

Nuru: Wangu anapiga makofi mawili kwenye mbwa, namwambia ni moja hataki
JIBU: Yuko sahihi yeye, m-bwa. Mtoto ni matatu, m-to-to. Nyumba mawili, nyu-mba. Muombe radhi 😅

Mzazi Mpya: Dada naomba kuuliza, mtoto wangu kitu pekee anachopenda ni katuni. Hakuna kingine kabisa. Miaka mitatu
JIBU: Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Kwa hiyo punguza, na siku za mwanzo atalia na atazunguka ndani anasema hana cha kufanya, usikimbilie kumtafutia. Ila hizo katuni usizichukie pia. Muulize nani alikuwepo, nini kilitokea kwanza, kisha ikawaje, huko ndo kupanga hadithi. Mtengeneze wale watu kwa karatasi awachezeshe. Na utazame naye siku moja moja ujue anapenda nini ndani yake, pengine si katuni ni treni iliyomo.

Mkongwe: samahani lakini mi naona hii ni kulea uvivu, mtoto lazima azoee kukaa chini na kuandika, akienda darasa la kwanza si ataaibika mbele ya wenzake
JIBU: Hapana mkuu, na nashukuru umeuliza. Mtoto aliyekaa nusu saa anawafuata sisimizi anajua kutulia kuliko aliyelazimishwa kukaa dakika kumi na karatasi ya fotokopi huku anachungulia dirishani. Ila una hoja upande mmoja: kama mpango ni kumpeleka shule, miezi ya mwisho mzoeshe mambo ya shule yenyewe, kungoja zamu, kufuata maelekezo ya mtu asiye mzazi wake, kufungua begi na kufunga, kwenda chooni mwenyewe. Hayo ndo yanayowaliza watoto siku ya kwanza, herufi wala.

Mama Wawili: Nina wa miaka saba na wa miaka mitatu, yani mdogo anavuruga kila tunachoanza, mkubwa analia kitabu kimechanwa, nimechoka
JIBU: Kazi moja, majukumu mawili. Nguo: mdogo anatupa za rangi moja kwenye beseni, mkubwa anakunja na kuandika zimetoka ngapi za kila mtu. Mkubwa amsomee mdogo, atasoma bila kujiona anasoma. Na mkubwa apate dakika kumi na tano zake mdogo akiwa amelala, asiguswe.

Mama Wawili: tena dada, huyu wa saba bado hajasoma hata neno, mama mkwe anasema ataiva tu mwenyewe tusimsumbue
JIBU: Wengine kweli huchelewa na wanakuja kusoma vizuri tu. Ila niambie, makofi ya silabi anayaweza? Anajua maneno mawili yanayoanza na sauti moja? Ukimwonyesha herufi leo kesho anaikumbuka?

Mama Wawili: makofi anakosea sana, na herufi anasahau kila siku, tena namuita mara mbili tatu ndo anageuka
JIBU: Basi usingoje kuiva. Mpeleke apimwe masikio kwanza, hilo la kuitwa mara tatu ndo limenishtua, na macho papo hapo. Vikiwa sawa, omba wakuelekeze kwa mtaalamu wa matatizo ya kusoma kwa watoto. Daftari lako beba, na michoro yake. Kumsomea kwa sauti usisimamishe, ila kaa upande ambao anasikia vizuri na aone mdomo wako.

Mama Wawili: sawa dada, naenda nae jumatatu