Jinsi ya kusoma jengo la zamani hapa tao, katikati ya Nairobi (anza kwa kuangalia juu)

Enda Jumapili asubuhi. Siku zingine utasukumwa na mikokoteni, mahoka wametandaza nguo mpaka barabarani, na ukisimama katikati ya Biashara Street umeinua shingo na simu iko mkononi, hiyo simu itaenda na hutajua imeenda na nani.

Sasa vuka ng'ambo ya pili. Wengi hukosea hapo, wanasimama mlangoni. Mlangoni hakuna kitu cha kusoma, chini yote imekatwakatwa ikawa eksibishoni, yaani viduka vidogo vidogo, vioo vipya, mabango ya simu na nguo za watoto, kila mpangaji ameweka rangi yake. Lakini mwenye nyumba wa Nairobi hapendi kutumia pesa mahali haoni mteja, kwa hivyo gorofa ya juu huwa imeachwa vile ilivyokuwa. Angalia ule ukuta mfupi unaopanda mbele kuficha paa, hapo ndipo wafanyabiashara wa Kihindi walipenda kuandika jina la ukoo ama la duka, na chini yake mwaka. Kama imepakwa rangi mara kumi bado herufi zinaonekana jua likiwa upande, ndio maana nasema asubuhi.

Lakini usikimbie na huo mwaka. Mimi nilifanya hivyo, nikapata 1928 juu ya duka moja karibu na River Road nikaanza kuambia watu hapa ni 1928, kumbe nyuma kulikuwa na kipande cha jengo la mabati na mbao cha zamani zaidi, wenyewe walijenga uso wa mawe tu pesa ilipopatikana. Kwa hivyo mwaka wa mbele unakuambia siku ya kujionyesha, si lazima iwe siku ya kuzaliwa.

Ukitaka kukisia umri bila maandishi, anza na hili: reli ilifika hapa 1899, na kabla ya hapo tao haikuwa, ilikuwa nyasi na maji. Mtu akikuambia duka hili ni la 1880 mpe pole uendelee. Majengo ya kwanza yalikuwa mabati na mbao, na mengi yaliisha vibaya. 1902 ilizuka tauni (ile ya panya, si hii ya kushukia matatu) na soko la Wahindi likachomwa moto na serikali. Baada ya hapo mawe yakaanza kushika, yale ya kijivu ya kuchimbwa hapa hapa, mawe ya volkeno ambayo ni laini kiasi kwa hivyo fundi anaweza kuyachonga kwa patasi. Tafuta alama za patasi kwenye kona na kwenye matao ya madirisha. Ukiona mawe yamechongwa kwa mkono, baraza yenye nguzo mbele ya duka na vigae vyekundu juu, hapo uko miongo ya mwanzo. Ukiona kona imezungushwa, mistari imenyooka, lipu ya simiti badala ya mawe na hakuna urembo mwingi, umeshafika miaka ya 1930 hivi, linganisha na City Market pale Muindi Mbingu Street uone mtindo wenyewe.

Ile baraza usiipite haraka. Haikuwa mapambo, ilikuwa kivuli na mahali pa kukwepa mvua, na fundi wa nguo aliweza kuweka cherehani pale nje huku mwenye duka anauza vitambaa ndani na familia inalala juu. Nyingi zimezibwa kuongeza duka. Kama nguzo zimemezwa na ukuta, gonga kwa kidole, ama angalia sakafu, utaona mahali sementi inabadilika.

Kisha zunguka nyuma. Vile vichochoro vyembamba kati ya safu za maduka viliachwa kwa sababu, ndoo za choo na taka zilitolewa huko. Kunanuka mpaka leo, lakini ndiko utaona mawe hayajapakwa rangi, ngazi za mbao na madirisha ya zamani.

Nikupe mfano mmoja wa kufanyia mazoezi, Kipande House pale Kenyatta Avenue na Loita Street, kwa sababu ni rahisi kufika na huwezi kulikosa. Lilijengwa 1913, mchoraji ni Gurdit Singh Nayer, na lilianza kama ghala la mizigo ya reli. Liangalie ukijua hivyo, zile kuta nene zitaleta maana. Halafu likageuzwa ofisi ya kuandikisha wanaume Waafrika na kuwapa kipande, kile cheti cha kuwekwa ndani ya kikebe cha chuma kinavaliwa shingoni, bila hicho hutembei. Siku hizi ni benki, KCB, watu wanapanga laini ndani wakiwa wameshika vitambulisho, na wazee bado wanaita kitambulisho kipande. Jengo ni lile lile, kazi tatu. Kwa hivyo ukisoma jengo usiulize tu lilijengwa lini, uliza lilifanya kazi gani na baadaye gani.

Makaratasi sasa. Kabla hujaingia National Archives pale Moi Avenue (ambayo yenyewe ilikuwa benki), badilisha majina ya barabara kwanza, la sivyo utatafuta mpaka uchoke. Moi Avenue ilikuwa Government Road, Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue, Tom Mboya Street ilikuwa Victoria Street, Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street, Biashara Street ilikuwa Bazaar Street. Ukishapata jina la zamani, omba magazeti ya wakati huo na vile vitabu vya orodha ya wafanyabiashara, fuata jina la ukoo ulilosoma kule juu, mwaka mmoja baada ya mwingine mpaka lipotee. Mwaka linapopotea ndio mtamu, kuna mtu aliuza.

Na jihadhari, jina huhama. Hoteli ya Stanley ilianza Victoria Street 1902, hii ya kona ya Kimathi na Kenyatta Avenue ilifunguliwa 1913 kama New Stanley. Ukisoma Stanley kwenye karatasi ya 1904 usije ukaniambia ni hapo kona.

Mwisho ni ndani. Usipige picha ya ngazi kabla hujaongea na soja, atadhani wewe ni kanjo (askari wa jiji) ama umetumwa na mtu anataka kununua ploti, na hapo hata mwenye duka atafunga mlango. Sema tu unapenda majengo ya zamani. Mimi wengi wamenicheka halafu wakanipeleka juu wenyewe, shikilia ukuta tu, hizo mbao za ngazi zimelegea.