Namna ya Kuchambua Mgogoro wa Kimataifa kwa Nadharia: Mfano wa Vita vya Kagera

Wanafunzi wengi wa uhusiano wa kimataifa hukariri fasili za nadharia zote, lakini wakiulizwa kwa nini nchi fulani mbili zilipigana, hurudia fasili zile zile bila kugusa vita vyenyewe. Nadharia hujifunzwa kwa kutumiwa, na tukio moja unalolijua vizuri linatosha kuanzia. Hapa tutatumia Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kati ya Tanzania na Uganda, ambavyo wengi wetu tumevisikia kwa wazee wetu kabla ya kuvisoma popote.

Kabla ya nadharia yoyote, yapange matukio kwa tarehe. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda. Mwalimu Nyerere akampa Obote hifadhi na akakataa kuitambua serikali mpya. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliivamia Uganda kutoka Tanzania wakashindwa, na ndege za Amin zikaishambulia miji ya Tanzania. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba akatangaza kuwa eneo lililo kaskazini mwa Mto Kagera ni la Uganda. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Ukiruka hatua hii, utachagua nadharia kwanza kisha utafute ushahidi wa kuipamba, na hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kuliko mengine yote.

Hatua ya pili ni kuzishika dhana mbili. Ya kwanza ni mamlaka kamili ya dola, yaani haki ya kila dola kujiamulia mambo ndani ya mipaka yake bila kuingiliwa. Ya pili ni kwamba juu ya dola hakuna serikali: raia aliyeibiwa hukimbilia polisi, lakini nchi iliyovamiwa haina polisi wa kumwita. Kwa sehemu kubwa nadharia zinatofautiana kuhusu uzito wa dhana hii ya pili.

Sasa uliza maswali. Katika hotuba yake ya Novemba 1978 Mwalimu alitaja mambo matatu: uwezo wa kumpiga Amin, sababu ya kumpiga na nia ya kumpiga. Hakuwa akifundisha nadharia, lakini maneno hayo yanamfaa sana mchambuzi.

Swali la uwezo ni la nadharia ya uhalisia. Nadharia hii husema kwamba, kwa kuwa hakuna wa kuilinda, kila dola hujilinda kwa nguvu zake na kupima nguvu za jirani. Tanzania ilikusanya jeshi na wanamgambo, Libya ikatuma askari kumsaidia Amin, na kila upande ukatafuta silaha ulikoweza kuzipata. Hayo uhalisia unayaeleza vizuri. Unapokwama ni kwenye mwanzo wa vita, kwa maana mtawala ambaye jeshi lake mwenyewe lilikuwa limegawanyika alimvamia jirani aliyeweza kumng'oa. Hapo inakubidi ushuke kutoka ngazi ya mfumo wa dola hadi ngazi ya siasa za ndani ya Uganda, na hata ngazi ya mtu mmoja.

Swali la sababu linatupeleka kwenye nadharia ya uliberali, inayoamini kwamba biashara, sheria na taasisi za pamoja hupunguza vita. Kuvunjika kwa Jumuiya mwaka mmoja kabla ya uvamizi kunaipa nguvu hoja hiyo. Hata hivyo, usiikubali haraka, kwa sababu Jumuiya ilikuwa hai mwaka 1972 na mabomu yalidondoka hata hivyo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika nao ulipendelea usuluhishi badala ya kumlaani mvamizi.

Swali la nia ndilo lenye utajiri zaidi, na wanaolijibu vizuri ni wafuasi wa nadharia ya ujenzi wa kijamii, wanaoshikilia kwamba maslahi ya dola hutokana na jinsi inavyojiona na inavyowaona wengine. Azimio la Cairo la 1964 liliwafanya viongozi wa Afrika waiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Kwa kutangaza mpaka mpya, Amin aligusa kanuni iliyokuwa imekwisha kuwa sehemu ya Afrika huru. Lakini Tanzania ilipovuka mpaka na kufika Kampala, nayo iligusa kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani, na katika mkutano wa Monrovia wa Julai 1979 viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu waziwazi. Ukiweza kueleza jinsi kanuni moja ilivyomhukumu Amin na nyingine ikamlaumu Nyerere, umeielewa nadharia hii.

Mtazamo wa Kimaksi, unaoitazama migogoro kwa jicho la uchumi na matabaka, uutumie hasa kwa yaliyofuata: uliza nani alilipa gharama. Tanzania ilitoka vitani uchumi ukiwa umeelemewa, bei ya mafuta nayo ikapanda, na baada ya mabishano ya miaka mingi ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986.

Zoezi la mwisho ni kulinganisha. Mwaka 1972 na mwaka 1978 viongozi walikuwa wale wale, mpaka ule ule na uhasama ule ule. Mgogoro wa kwanza uliishia kwenye makubaliano ya Mogadishu, ambapo pande zote mbili zilikubali kuondoa majeshi mpakani. Wa pili uliishia Kampala. Andika ukurasa mmoja ukieleza tofauti hiyo kwa kila nadharia, na chini ya kila maelezo uandike jambo moja ambalo nadharia hiyo imeshindwa kulieleza.