Skima haitoi povu? Anza na mpira wa hewa, vali iache

Jumatatu moja asubuhi alinipigia simu mwalimu mstaafu wa Ngamiani, hapa Tanga, Barabara ya 14. Tangi lake la maji chumvi la lita 200 nililifunga mimi, pamoja na skima yake, ile mashine inayotoa uchafu majini kwa povu na kuumwaga kwenye kikombe cha juu. "Fundi, ile mashine yako imekufa. Inanguruma tu, kikombe kikavu siku ya tatu leo." Nikamwamkia, kisha nikamuuliza jambo moja: vali, ile ya kurekebisha maji yanayotoka kwenye skima, ameigusa? Akanyamaza kidogo. "Nimeizungushazungusha."

Hapo nikajua nina kazi mbili: ugonjwa wenyewe, na dawa aliyojitibia.

Wengi wetu tunaofuga samaki wa baharini nyumbani tuna kosa hilihili. Povu likikauka, mkono unakimbilia vali kwa sababu ndiyo kitu pekee kinachozunguka. Lakini skima ni mashine ya hewa kabla ya kuwa mashine ya maji. Wakati wa kusi ukipita ufukweni Raskazone utakuta povu la rangi ya maziwa machafu limelala mchangani. Bahari imechanganywa na hewa, na uchafu laini uliomo majini, ute wa viumbe na masalia ya mwani, umeshikana na viputo ukapanda juu. Skima inafanya kazi hiyo ndani ya bomba la plastiki. Pampu inanyonya maji na hewa pamoja, impela yenye vijiti, kile kipande kinachozunguka ndani ya pampu, inaikatakata hewa kuwa viputo vidogo sana, uchafu unaning'inia kwenye viputo, povu linapanda shingoni na kumwagika kikombeni. Kwenye maji chumvi viputo hubaki vidogo, ila kwenye maji ya bomba huungana vikawa vikubwa na kupasuka, ndiyo maana mwenye tangi la sato skima haimfai.

Sasa tufuate mpangilio. Usiruke hatua nisipokwambia, na usibadilishe vitu viwili siku moja, maana hutajua kipi kilichoponya.

Hatua ya 1: Tazama tui

Vuta kiti, kaa mbele ya skima dakika tano, mikono mapajani. Angalia kile chumba kikubwa cha chini ambamo maji na hewa vinachanganyika. Maji yakiwa meupe kama tui zito, huoni upande wa pili, hewa inatosha. Yakiwa kama tui la mwisho, lile la kukamulia mara ya tatu, na viputo vinapanda kimoja kimoja vikubwa kama vya soda, hewa ni kidogo. Yakiwa maangavu kabisa huku pampu inanguruma, impela haizunguki au hewa haiingii hata chembe.

Tui jepesi, nenda hatua ya 2. Hakuna tui, nenda ya 2 halafu ya 3. Tui zito lakini povu halipandi, ruka hadi ya 4.

Hatua ya 2: Mpira wa hewa

Huu ndio mgonjwa wa kwanza karibu kila nyumba ninayoitwa. Fuata ule mpira mwembamba kuanzia juu hadi unapoingia kwenye pampu. Kama umekunjwa na mlango wa kabati, umeshapata jibu. Ziba ncha ya juu kwa kidole: unapaswa kuhisi ukinyonywa, na sauti ya pampu ibadilike. Usipohisi kitu, kuna kizibo.

Kizibo chenyewe ni chumvi. Pale hewa kavu inapokutana na maji, matone yanarukia ndani ya mpira, maji yanakauka, chumvi inabaki, siku ya pili inaongezeka. Kwa mwalimu nilipochomoa mpira kwenye kiungo chake cha venturi, pale hewa inapovutwa kuingia kwenye pampu, niliona tundu limebaki kama la sindano ya kushonea. Nilipokwaruza kwa kijiti cha meno ilidondoka punje moja nyeupe, ngumu, ukubwa wa punje ya mchele. Hiyo tu ndiyo iliyoiua mashine siku tatu.

Kabla ya kufungua chochote, jaribu njia rahisi. Chemsha maji ya bomba, yaache yapoe hadi uweze kutumbukiza kidole bila kuruka, jaza kikombe kimoja cha chai. Skima ikiwa inafanya kazi, chovya ncha ya mpira ndani ya kikombe. Itayanyonya. Povu litaanguka kwa muda, usishtuke. Maji matamu ya moto kidogo huyeyusha chumvi vizuri kuliko kukwaruza. Rudia kama haijafunguka. Mimi matangi yangu nayapa kikombe hiki kila baada ya wiki mbili, hata kama hayana tatizo.

Kama kuna kile kikopo cha kupunguza kelele kwenye ncha ya mpira, kifungue pia. Nimeshakuta buibui amejenga humo.

Hatua ya 3: Pampu

Chomoa umeme kwenye soketi kwanza. Usizime swichi tu ukaingiza mkono majini. Na ukiwa hapo, hakikisha waya unaning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuifuata soketi.

Toa pampu, fungua kifuniko chake, vuta impela polepole. Ina sumaku, itang'ang'ania kidogo. Kagua vitu vitatu: vijiti vyake vyote vipo? Ule mhimili mwembamba wa kauri haujavunjika? Kuna konokono mdogo au kipande cha mwani kimejibana? Kisha angalia kama kuna ukoko mweupe. Huo ni wa chokaa, na maji ya moto hayauondoi. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, loweka sehemu zote kwa saa moja au mbili, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza sana.

Sabuni hapana. Hata ya kipande, hata kidogo. Sabuni kidogo iliyobaki itakumwagia povu sebuleni siku nzima.

Kuna jambo la pampu za mtumba. Rafiki mmoja alinunua skima nzuri kwa bei ya kutupa, povu lake dhaifu tangu siku ya kwanza. Tulipogeuza pampu tukasoma kibandiko: volti 120, hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), ya soko la Marekani. Alikuwa ameiunganisha na kibadilisha volti, kwa hiyo haikuungua, lakini kibadilisha volti hakibadilishi hezi. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mota za aina hii hufuata hezi, kwa hiyo iliyoundwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika itazunguka 3,000 tu hapa, na impela yake imechongwa kwa ajili ya ile kasi kubwa. Hakuna vali itakayotibu hilo. Soma kibandiko kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 4: Kina cha maji kwenye sampu

Skima ya kukaa ndani ya sampu, lile tangi la chini, imeundwa kwa kina fulani, mara nyingi kati ya sentimita 15 na 25. Kitabu chake kitakwambia. Pima kwa rula ya shule. Maji yakizidi, povu huwa la majimaji. Yakipungua, povu linakwama shingoni.

Miezi ya kaskazi, joto la hapa kwetu na feni juu ya tangi, tangi langu hupoteza lita tatu kwa siku. Siku mbili bila kuongeza, kina kimeshuka na skima imenuna. Bandika utepe kwenye kioo cha sampu palipo na alama sahihi, ujazie kila asubuhi kwa maji matamu yasiyo na klorini. Kumbuka kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Ukijazia maji ya bahari kila siku utawachemsha samaki kwenye brini, maji ya chumvi kali.

Hatua ya 5: Mafuta

Tui zito, kina sahihi, lakini povu linapasuka kabla ya kufika kikombeni? Tafuta mafuta. Mafuta huvunja povu papo hapo.

Nyumba moja Chumbageni povu lilikuwa likianguka kila jioni na kurudi usiku wa manane. Nilikaa pale siku moja kuanzia alasiri, nikala na mahamri. Bibi wa nyumba alimaliza kuwapaka wajukuu mafuta ya nazi baada ya kuoga, akakumbuka samaki, akachukua kamba waliogandishwa akawasugua kwa vidole majini. Nikaomba tochi. Juu ya maji kulikuwa na utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua. Nikasema, "Bibi, mgonjwa ni mkono wako." Alicheka, lakini siku hizi analisha kwa koleo dogo la plastiki.

Na hapa nitie neno la tahadhari, ingawa si la povu. Skima inavuta hewa ya chumba na kuisaga ndani ya maji. Dawa ya mbu ya kupuliza ikitumika chumbani, nayo inavutwa, na dawa hizo ni sumu kali kwa samaki na zaidi kwa kamba na kaa. Kabla ya kupuliza, zima skima, funika tangi. Afadhali zaidi, mtu atumie chandarua.

Hatua ya 6: Chumvi

Maji yenye chumvi kidogo hutoa povu jembamba. Pima: unataka sehemu 35 kwa elfu, au 1.025 hadi 1.026 kwenye kipimo cha uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu. Anayechota maji baharini wakati wa masika ajihadhari, kwa sababu mito inamwaga maji matamu na tope. Mimi niliwahi kuchota baada ya mvua ya siku mbili, kipimo kikasoma 1.018. Chota maji yanapojaa, mbali na midomo ya mito na mbali na boti za injini, upime hapohapo kabla ya kubeba madumu.

Hatua ya 7: Sasa vali

Kufungua vali ya tokeo, pale maji yanapotokea, hushusha maji ndani ya skima, povu linakuwa kavu. Kufunga hupandisha, povu linalowa. Zungusha kidogo, upana wa ukucha, kisha subiri hadi kesho. Lenga uso wa maji usimame pale shingo inapoanzia. Uchafu ukitoka kama chai ya rangi, fungua kidogo. Ukitoka kama kahawa chungu na unanuka, usiguse tena. Skima mpya, au iliyotoka kuoshwa, ipe siku kadhaa hadi wiki mbili kabla ya kuihukumu.

Na kama umesafisha mpira au pampu, fungua vali yote kabla ya kurudisha umeme. Hili nililisahau kwa mwalimu. Yeye alikuwa ameifunga karibu yote akitafuta povu ambalo hewa ilikuwa haipo ya kulitengeneza. Mimi nikazibua hewa, nikawasha, nikaona tui zito, nikaaga. Saa mbili usiku simu: "Fundi, mashine imefufuka, iko hadi kwenye zulia." Nikarudi na bodaboda, nikafungua vali, tukapiga deki pamoja.

Siku ya tatu akanitumia picha ya kikombe: kidole kimoja cha kitu cheusi, shingo imepakaa tope. Chini akaandika, "Ndiyo hii? Bibi yako anasema tangi likakae uani." Nikamjibu kikombe kimwagwe na shingo ifutwe kila baada ya siku mbili, kwa sababu utando ule ukizidi nao huzuia povu kupanda, na afanye hivyo asubuhi, kabla bibi hajaamka.