Selimundu katika mchezo wa kuigiza wa mezani
Kwa wanaoendesha michezo ya njozi ya mezani (wachezaji huigiza wahusika wa kubuni na dadu huamua matokeo) hapa Kisumu, ambako selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, si mgeni, ningeshauri mhusika anayeugua asipunguziwe nguvu daima, kwa kuwa maumivu makali huja kwa vipindi, mara nyingi yakichochewa na baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu au maambukizi. Mchezaji arushe dadu ya pande 20 pale tu kichocheo kinapotokea, tuseme baada ya kuvuka mto usiku au kutembea mchana kutwa bila maji. Akishindwa, apoteze zamu kadhaa, wala si akili au ujuzi wake. Hapo kibuyu cha maji na blanketi hupata thamani kuliko upanga. Uchawi wa tabibu utulize maumivu bila kuufuta ugonjwa, la sivyo kanuni yote haina kazi.